Adventina na Sauti ya Pili

Kabla hujaisikia habari ya Adventina wa Murangi kwa watu wa Mwanza, ambao kila kitu kizuri cha Mara kikishapita kwao wanakiita chao, afadhali uisikie huku, kwa watu wanaomjua tangu anatambaa mchangani, anaokota dagaa wabichi na kuwatafuna kama bata.

Ni binti wa miaka ishirini na minne, mrefu kuliko kaka zake wote, na mguu wake wa kushoto umeuzidi wa kulia kwa namba moja, ndiyo maana katika kila pea ya kandambili zake kuna moja inayolalamika. Kazi yake ni ya mama yake Pelagia, na ya bibi yake kabla ya hapo: kuanika dagaa. Mitumbwi ikifika asubuhi, wanawake wa Murangi wananunua ndoo kwa ndoo, wanamwaga dagaa juu ya chanja, halafu kinachobaki ni kugeuza na kufukuza ndege. Kugeuza si shida. Shida ni ndege. Kunguru wa Murangi wana akili kuliko viongozi wawili watatu ambao hatuwataji hapa, na mwewe wa huko akikuona umekaa chini anajua kabisa kama unapumzika au umechoka.

Miaka mitatu iliyopita, siku ya jua kali, wifi yake Sabina, mke wa kaka yake Gody, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi. Jirani yao wa chanja, mama Gaudensia, alikuwa amesinzia kwenye kiti cha plastiki, fimbo ya kufukuzia ndege imelala mapajani pamoja naye. Kunguru akatua. Adventina, badala ya kumwamsha jirani kama Mkristo, akaanza kutangaza kwa sauti ya wale watangazaji wa mpira wa redioni:

"Kunguru anapanda upande wa kushoto! Anaangalia huku, anaangalia kule, hana presha! Beki mama Gaudensia amesimama... hapana, amekaa... hapana, ndugu msikilizaji, beki amelala! Kunguru ameingia ndani ya kumi na nane, anachagua, huyu mdogo hamtaki, anataka mnene... Goooli! Na sasa hivi mama Gaudensia anaamka kuulizia matokeo!"

Sabina alikuwa anarekodi. Alicheka mpaka ndoo ikamtupa. Jioni akaipandisha mtandaoni, na kufikia Jumapili watu wa Kigoma, wa Mtwara, na Mtanzania mmoja anayeosha magari huko Omani walikuwa wanajua jinsi mama Gaudensia anavyokoroma.

Ndivyo ilivyozaliwa Ligi ya Dagaa. Kila wiki klipu mbili tatu: Adventina anatangaza, Sabina anashika simu, ndege wanacheza bila kudai posho. Wafuasi wakafika laki tatu na ushee. Laki tatu! Ukiwapanga mstari mmoja kuanzia Murangi, wa kwanza akiwa ananawa miguu ziwani, wa mwisho yuko katikati ya Serengeti anakimbizwa na nyati. Hesabu hii usiipeleke kwa mwalimu, lakini ndiyo hiyo.

Alipokwenda mjini Musoma, pale Nyasho anapoishi mama yake mdogo, alikuwa hajashuka vizuri kwenye pikipiki watoto wameshamzunguka. "Dada Goli! Dada Goli! Tangaza!" Wauza nyanya nao: tangaza. Siku moja alikwenda kumpa pole mama mmoja aliyefiwa na shemeji yake. Alipofungua tu mdomo kusema "Poleni sana," waombolezaji wakaangua kicheko, ikabidi mfiwa mwenyewe awanyamazishe huku naye anajiziba mdomo kwa kanga.

Adventina alirudi nyumbani siku ile akiwa amenuna mpaka Murangi. Alikuwa amechoka kuchekwa.

Na alikuwa na sababu. Huyu binti, kabla hajawa Dada Goli, alikuwa mwimbaji. Tangu ana miaka kumi na tatu yumo kwenye kwaya ya kigango, sauti ya pili. Kwa ambao kanisani wanakwendaga Krismasi tu, na mnajijua, tuwaeleze kidogo. Mwalimu Rafaeli, mstaafu wa shule ya msingi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hafundishi wimbo mzima kwa watu wote. Anafundisha kwa vipande. Sauti ya kwanza wanabaki ndani ya kanisa. Sauti ya pili wanakwenda nyuma ya stoo ya mahindi. Wanaume, wa tatu na wa nne, wanasimama upande wa barabarani ili bodaboda ziwazoeshe kelele. Kila kundi linakariri kipande chake mpaka kinaingia kwenye mifupa, na ni siku mbili tatu za mwisho tu ndipo wote wanakutanishwa na wimbo unazaliwa.

Sasa, wa kwanza ndio wanaobeba wimbo wenyewe, ule ambao hata wewe unautoa ukiosha vyombo. Wa pili wako chini yao kidogo, wanatia utamu. Ni kama ndimu kwenye sato: ikiwa juu ya samaki unajilamba vidole, ukiilamba peke yake unakunja uso.

Adventina alikaa nyuma ya stoo ya mahindi miaka kumi na moja. Hakuna wimbo aliowahi kuuimba kwa sauti ya kwanza, hata mmoja. Akioga, ya pili. Akitwanga, ya pili. Shuleni waliimba wimbo wa taifa, yeye peke yake anauimba kwa sauti ya pili, na mwalimu wa zamu akadhani ana mafua. Wala hakuna aliyewahi kumwambia, kwa sababu popote alipoimba, Sabina alikuwa karibu anaimba ya kwanza. Sabina ni mwembamba kama ufito, ukimwona utasema upepo wa ziwa umemsahau tu, lakini akifungua koo lake hata mtumbwi ulioko mbali unageuza pua. Wakigeuza dagaa pamoja, mmoja juu mwingine chini, walikuwa doti moja ya kanga: huwezi kuikata ukajifunga kipande ukaonekana umevaa.

Mwezi wa tatu mwaka huu, wakiwa chanjani, Adventina akasema:

"Wifi, nataka kutoa wimbo."

"Wa kunguru au wa mwewe?"

"Wa mapenzi."

Sabina akacheka. Hakuwa na ubaya. Ni mazoea tu, kama mtu anavyofunga macho akipiga chafya.

"Umeona? Hata wewe," Adventina akasema. "Nikisema nina njaa, watu wanacheka. Nikisema pole na msiba, wanacheka. Mimi nataka siku moja nifungue mdomo watu waimbe na mimi. Waimbe, wifi. Siyo wacheke."

Sabina akamwangalia, akaona hatanii. "Haya basi. Tutoe wimbo."

"Nitoe," Adventina akasema. "Prodyuza wa Bunda ameniambia msanii ni mmoja. Wakiwa wawili watu hawajui wamwangalie nani."

Sabina akaacha kugeuza dagaa. "Na klipu zote hizi, nani alikuwaga anashika simu?"

"Aka, simu! Simu inashikwa hata na jiwe."

Neno likishatoka ni kama dagaa aliyerudi ziwani, huwezi kusema ni yule. Sabina akafunga kanga yake vizuri, akachukua ndoo yake. "Basi jiwe likushikie," akasema, akaondoka.

Kesho yake Adventina aliegesha simu kwenye jiwe kweli. Akatangaza mechi nzima, kunguru wanne, mwewe mmoja, chenga zote. Alipoangalia akakuta amerekodi magoti yake mwenyewe dakika saba. Aliipandisha hivyo hivyo kwa kiburi, na watu wakaipenda, jambo lililomuudhi zaidi.

Akafunga safari. Murangi hadi Musoma, akabadili gari, wakapita Kiabakari ambako muuza mahindi ya kuchoma alimtambua dirishani na kumwongezea hindi moja ili atangaze lile la kwanza linavyoliwa, na saa saba mchana akawa Bunda mjini, mbele ya duka la magodoro.

Studio ilikuwa chumba cha nyuma ya duka hilo. Prodyuza, kijana wa miaka thelathini aliyeitwa Hamduni, alikuwa amechukua vipande vya magodoro yaliyochanika ya baba yake akavigandisha ukutani kuzuia mwangwi. Viliuzuia mwangwi, vikazuia na hewa. Ukiingia na unga mle ndani, unatoka na mkate.

"Karibu Dada Goli, karibu sana, mimi klipu zako zote ninazo, unaelewa?" Hamduni akasema, huku akifuta kiti. "Haya, nipe wimbo mkavu mkavu, bila muziki, nitafute funguo ya sauti yako."

Adventina akasimama mbele ya maiki, akafumba macho, akaimba:

*Nilianika moyo juani, nikageuka nikapumzika,*
*Wewe ukapita juu juu, kivuli tu nikakiona.*
*Umebeba, umebeba, hata ndoo hukuacha!*

Hamduni akabonyeza kinanda chake, akakunja shingo. Akabonyeza pengine. "Subiri dada. Anza tena." Akaanza tena. "Tena kidogo." Mara ya nne Hamduni akavua kofia yake ya kufuma na kujikuna. "Maneno ni moto, hayo sina neno. Lakini wimbo wenyewe umekaa upande, unaelewa? Kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Kila nikiweka kikombe, kinateleza."

"Ndivyo nyimbo za ziwani zilivyo."

"Mimi nimezaliwa Bunda, dada. Ziwa si nalionaga kila siku?"

"Unaliona. Sisi tunalala nalo."

Ubishi na binti wa Murangi ni kushindana na konokono kwenda polepole. Hamduni akasalimu amri. Akaweka ngoma, akaweka filimbi ya kompyuta, akaweka na ile mashine ya kunyoosha sauti mpaka Adventina akasikika kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa ya soda. Wakausikiliza. Hamduni alikuwa bado anakunja shingo. Adventina alikuwa na machozi.

Maana yeye aliusikia wimbo mzuri, tena mzuri mno. Siri iko hapa: miaka kumi na moja ya kuimba sauti ya pili ilikuwa imeyazoesha masikio yake kujijazia ya kwanza yenyewe. Kila alipoimba, kichwani mwake Sabina alikuwa juu pale, anabeba wimbo, bila kualikwa na bila kulalamika. Adventina alidhani dunia nzima inamsikia.

Dunia haikumsikia. Wimbo ulipotoka, watu elfu kumi waliacha vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Mmoja akaandika, "Dada Goli leo umeua, huyo msanii unayemwigiza ni nani?" Mwingine akauliza kama kunguru ndiye aliyeimba.

Mama yake, Pelagia, ambaye hasemi sana kwa sababu midomo yake siku zote imebana pini za kanga, aliusikiliza mpaka mwisho. "Maneno mazuri, mwanangu," akasema. "Ila ni kama nimefika kwenye nyumba ya watu, nimekuta chai mezani, wenyewe wametoka."

Mwalimu Rafaeli yeye alimwita baada ya misa. Adventina alikwenda akijua atagombezwa kwa kuimba mapenzi. Mzee hakugusa mapenzi. "Adventina, wa pili haimbi bila wa kwanza. Mtafute mwenzio." Adventina akaitikia ndiyo mwalimu, akatoka nje, akajisemea kimoyomoyo: wivu wa wazee huu.

Ikawa hivyo wiki tano. Chanjani Sabina alihamia upande wa pili, wifi na wifi wanapishana na ndoo kama wageni kwenye ngazi za ofisi.

Ndipo simu ikaja kutoka Butiama. Mpigaji alijitambulisha kuwa ni Mugeta, katibu wa Kombe la Dume. Hilo ni shindano la mpira la vijana ambalo zawadi yake si kikombe cha bati. Ni ng'ombe dume mzima mwenye pembe na hasira. Fainali ilikuwa Jumamosi, Butiama dhidi ya Murangi.

"Tunakuomba uje utangaze mpira," Mugeta akasema.

"Nakuja. Nitatangaza vipindi vyote viwili. Lakini mapumziko naimba."

Mugeta akacheka.

"Usicheke, bwana Mugeta. Siimbi, sitangazi."

Mugeta akameza kicheko. "Haya, utaimba."

Jioni ile ile Adventina akaingia laivu, jiwe limemshikia simu, safari hii limemshika kuanzia kidevu. Akawaambia wale laki tatu na ushee: "Jumamosi naimba Butiama, mbele ya watu, kwa koo langu. Wakiimba na mimi, mimi ni mwanamuziki, mtanizoea. Wakinicheka, nafuta ule wimbo, na maiki ya muziki sishiki tena mpaka nakufa. Nitabaki na kunguru wangu."

Akazima simu. Huo ulikuwa ukweli, siyo mbwembwe. Mama yake alimsikia.

"Na wifi yako umemwambia?"

"Hatusemezani."

"Watu wa chanja moja hawanuniani," Pelagia akasema na pini zake mdomoni. "Dagaa wanaoza."

Jumamosi Butiama ilijaa. Waliokuja kwa miguu, waliokuja kwa baiskeli, na lori zima la Murangi limepambwa majani, limebeba nusu ya kwaya kwa sababu nusu ya timu ni waume zao. Golikipa alikuwa Gody, kaka yake Adventina, na mke wa golikipa, Sabina, alikaa juu ya bodi la lori, kitambaa kichwani, macho uwanjani tu, hataki hata kujua spika ziko upande gani. Dume lenyewe lilifungwa pembeni ya goli la kaskazini na utepe mwekundu kwenye pembe, likiutazama mpira kwa dharau.

Kipindi cha kwanza Adventina alitangaza kama hajawahi kutangaza. Butiama walipofunga, alisema: "Golikipa Gody, ndugu yangu wa tumbo moja, mpira umempitia kwapani! Nyumbani hata chawa hapiti kwapa lile, leo mpira umepita!" Watu wakalala chini. Murangi wakasawazisha, ikawa bao moja kwa moja, refa akapuliza mapumziko.

Hamduni, aliyekuwa amekuja na kompyuta yake na spika mbili, akampa ishara. Adventina akavuta pumzi.

"Sasa naimba," akasema kwenye maiki. "Msicheke."

Wakacheka, bila shaka. Mtu akikwambia usicheke utafanya nini?

Biti ikaanza. Akaimba ubeti wa kwanza. Watu wakatulia kidogo, shingo zikakunjwa upande, uwanja mzima kama kuku waliosikia mwewe lakini hawajamwona. Ukiangalia nyuso zao ulijua wanajaribu. Wanautafuta wimbo, wanaukosa, wanautafuta tena. Kijana mmoja juu ya mti akashindwa kuvumilia: "Dada Goli, sisi hatujaelewa! Hebu tangaza!"

Kicheko kikaanzia kwenye mti, kikashuka, kikazunguka uwanja kama moto wa nyasi. Hamduni, kwa kumwonea huruma, akaikata biti ili aanze upya. Wema huo nusura umuue binti wa watu, kwa sababu sasa alibaki peke yake, sauti tupu katikati ya uwanja wa mpira.

Angeweza kunyamaza. Lakini nyuma ya stoo ya mahindi kuna sheria moja ambayo Mwalimu Rafaeli aliifundisha kwa fimbo ya kuonyeshea ubaoni: kinanda kikifa, wewe usife. Endelea, wenzako watakukuta. Adventina akaendelea. Akafika kwenye kiitikio, *umebeba, umebeba*, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akajisikia. Kile kicheko kilikuwa kimemfukuza Sabina kichwani mwake. Juu hapakuwa na mtu. Palikuwa na yeye tu, huku chini, anatia ndimu kwenye sahani ambayo haina samaki.

"Kumbe," akawaza, huku mdomo unaendelea kuimba wenyewe, "kumbe mimi ni wa pili."

Macho yakamjaa machozi. Akaangalia chini, kandambili moja inalia. Akaimba kiitikio mara ya pili, taratibu, kama anayekunja nguo zake ahame.

Juu ya lori Sabina alikuwa ameshika bodi kwa mikono miwili. Alikuwa ameapa hatamsemesha wifi yake mpaka aombwe radhi kwa lile neno la jiwe. Lakini wa kwanza wa kwaya kusikia wa pili anaimba peke yake hadharani ni kama mama kuona mwanawe amesimama barabarani bila nguo. Haulizi nani alimkosea nani. Kusemezana, ndiyo, aliapa. Kuimba hakuapa.

Akafungua koo.

*Umebeba, umebeba, hata ndoo hukuacha!*

Ikapita juu ya vichwa vya watu, ikatua juu ya sauti ya Adventina kama mfuniko kwenye chungu chake. Kicheko kikakatika. Yule kijana wa mtini akasahau kufunga mdomo. Maana sasa wimbo ulikuwepo! Ule waliokuwa wanautafuta huo hapo, umesimama kwa miguu yake yote minne, na ulikuwa mtamu kiasi kwamba mtu anaona aibu kuwa alicheka.

Mara ya pili lori zima likaingia, wa kwanza kwa wa kwanza, wa pili kwa wa pili. Mara ya tatu wakaingia akina mama wa Butiama, kwa sababu mkoani Mara ukirusha jiwe ovyo litampata mwanakwaya, na mwanakwaya hafundishwi kiitikio mara mbili. Wanaume wakatafuta chini kule wanakokaaga. Gody golini akashika sauti ya nne, mikono imekunjwa, macho yamefumbwa. Refa alipuliza filimbi ya kipindi cha pili mara mbili, na mara zote mbili ilizama humo humo. Hata dume lilijibu, ingawa halikuwa kwenye funguo.

Waliuimba mara sita.

Adventina akatembea na maiki yake mpaka kwenye lori. Akasimama chini, akaangalia juu.

"Wifi."

"Sijakusemesha," Sabina akasema.

"Umeimba."

"Nimeimba na ng'ombe."

"Wifi, lile neno la jiwe. Nisamehe. Jiwe limenirekodi magoti miezi miwili."

Sabina akabana midomo, lakini mabega yalikuwa yameshaanza kutikisika. "Niliyaona. Magoti kama viazi."

"Na wimbo wangu umeujua lini?"

"Wimbo wako upo wapi? Wewe ulitoa nusu. Nusu nyingine nilikuwa nayo mimi nyumbani, nageuzia dagaa kila siku kwa hasira." Akanyoosha mkono, akamvuta juu ya lori. "Panda huku, utaungua jua. Na utangaze, mpira umeanza."

Mpira ulikuwa umeanza kweli, na Butiama walikuwa wameshafunga la pili, kwa sababu golikipa wa Murangi alikuwa bado anamalizia sauti ya nne. Dume likabaki Butiama. Gody analaumiwa hadi leo. Kila akipita sokoni Murangi mtu anamwimbia *umebeba, umebeba*, na yeye anajua ni nani aliyebeba na ni nini kilichobebwa.

Jumanne wawili hao walikuwa Bunda, ndani ya joto la magodoro. Hamduni aliwaweka kwenye maiki moja, akabonyeza kinanda mara moja tu, akavua kofia. "Kikombe kimekaa," akasema, na hakusema unaelewa, kwa sababu ilieleweka. Kwenye wimbo waliandika Adventina na Wifi. Mwalimu Rafaeli aliusikiliza kwa miwani yake ya uzi, akasema sauti ya pili imepanda kidogo kwenye ubeti wa pili, na kwa mzee yule hiyo ni shangwe na vigelegele.

Klipu bado wanatoa. Simu inashikwa na mama Gaudensia siku hizi, ambaye anasema usingizi umemwisha tangu awe mtu wa kamera, ingawa nusu ya klipu zina kidole chake.

Na juzi Adventina alikwenda Nyasho kumsalimia mama yake mdogo. Aliposhuka kwenye pikipiki watoto wakamkimbilia kama kawaida yao, akajiandaa kuambiwa tangaza. Hawakusema tangaza. Walisimama mstari usionyooka, kumi na kitu, kamasi na yote, wakamwimbia kwa sauti ya kwanza, juu kabisa, *umebeba, umebeba!* Na yeye, mkoba begani, nauli bado haijatoka mfukoni, hakufikiri hata kidogo. Akawaitikia kwa ya pili.